Kanda Niliyosema Imeharibika

Projesti, mwanawaitu, ndugu yangu,

Nimeipata ile tarumbeta. Naanza na hiyo kwa sababu ndiyo habari ambayo ungeitaka kwanza, kabla hata ya kuniuliza hali ya miguu yangu. Tuliisaka miaka mitatu pale barazani kwa Bi Zuhura, ile milio minne ya tarumbeta ambayo wale vijana wa Marekani walikuwa wameizungusha chini ya mashairi yao, inakwenda na kurudi, inakwenda na kurudi. Uliapa kwamba ni tarumbeta mbili zinazojibizana. Ni moja, Projesti. Niliikuta hapa Morogoro kwa muuza santuri za mitumba, katikati ya wimbo wa mapenzi wa taratibu kabisa, wa mwanamke mwenye sauti nzito anayembembeleza mumewe arudi nyumbani. Tarumbeta inapita mara moja tu, sekunde chache, halafu mwanamke anaendelea kulalamika na haisikiki tena. Nilisimama pale dukani nikacheka peke yangu. Muuzaji akaniuliza, "Vipi mzee, unamfahamu huyu mama?" Nikamwambia namfahamu mtu aliyekuwa akimtafuta.

Hiyo ndiyo habari njema. Nyingine si njema, na ndiyo iliyonikalisha mezani leo. Kanda uliyonipa nimpe baba yako sikumpa. Aliniomba kwa mdomo wake, nikamwambia imeharibika. Haikuwa imeharibika. Ninayo hapa, iko mbele yangu ninapoandika, na wiki iliyopita nimeisikiliza mpaka mwisho kwa mara ya kwanza.

Niache nifike huko polepole. Nina zaidi ya miaka sabini sasa, na mtu wa umri huu akiharakishwa huruka jambo la maana.

Mimi si mtu wa Buganguzi, unajua. Nilifika kwenu mwaka wa vita, mimi na mama yangu na godoro moja, tukitoka ng'ambo ya mto Kagera ambako askari wa adui walikuwa wameshaingia na nyumba yetu ilikuwa imeshachomwa. Tulikuwa tumetembea siku nyingi, tukilala popote. Tata, baba yako, maana na mimi nilianza kumwita Tata tangu siku ile, hakutuuliza sisi ni wa ukoo gani mpaka tulipomaliza kula. Mama yangu alilisema jambo hilo mpaka kufa kwake. "Yule mzee alitulisha kabla hajatuuliza." Tulikuwa wakimbizi kumi na kitu katika kibanja chenu, tumetandaza majani makavu chini ya migomba.

Siku ya tatu, alasiri, alitoka na enanga yake. Mama mmoja wa kutoka kwetu hakuwa amesema neno tangu tulipovuka mto, na nadhani Tata alimpigia yeye. Aliketi, akaulaza ule ubao wenye nyuzi magotini, akaanza ule wimbo wake wa mchukua ngoma. Mtu ametumwa na Mkama, mfalme, kupeleka ngoma juu ya mlima, akaipige ili nchi nzima ijue kwamba maadui wanakuja. Ngoma ni nzito, mlima ni mrefu, na maadui wameshafika juu wanamngoja. Anajua, na bado anapanda. Natemba, natemba, Tata aliimba, anapanda, anapanda, na nyuzi zikipanda pamoja naye.

Wakati huohuo malori ya jeshi yakapita barabarani. Watu waliotoka vitani wakisikia lori hawaulizi ni la nani. Tuliinuka wote tukatawanyika kwenye migomba, nami nilimvuta mama yangu mkono mpaka akaanguka. Malori yalikuwa ya kwetu. Tulipochungulia, Tata alikuwa palepale, hajasimama, vidole bado viko kwenye nyuzi, anaimba peke yake. Akatupungia kwa kichwa. "Rudini mkae," alisema. "Siwezi kumwacha mtu mlimani."

Tukarudi. Akaumaliza. Mchukua ngoma alifika juu, akaipiga ngoma mara moja kwa nguvu zake zote, nchi ikasikia, na mikuki ikamwingia. Yule mama akalia kwa sauti, siku ya kwanza tangu mtoni. Wewe ulikuwa umekaa kando yangu ukitafuna kahawa, na neno la kwanza ulilowahi kuniambia lilikuwa, "Usishangae. Huyu hata nyumba ikiungua atamaliza wimbo kwanza."

Ndivyo alivyokuwa. Kwake wimbo uliokatizwa ni mtu aliyetupwa njiani. Mvua ikinyesha kilabuni akalazimika kusimama, kesho yake aliwatafuta walewale waliokuwapo, mmoja mmoja, awamalizie. Tulimcheka kwa hilo. Tulikuwa vijana.

Baada ya vita ulinunua redio kaseti kwa askari aliyekuwa akirudi kutoka Uganda, na kitu cha kwanza ulichokifanya ni kumrekodi Tata. Uliificha redio nyuma ya kibuyu cha lubisi, pombe yetu ya ndizi. Alipokuja kusikia sauti yake mwenyewe alisema, "Huyo mzee anaimba vizuri, ni wa wapi?" Tulicheka mpaka mama yako akaja kuona kuna nini. Haukupita muda vidole vyake vikakakamaa, akaitundika enanga ukutani. Kwa hiyo ile kanda yako ikawa ndiyo enanga ya Tata. Hakuna nyingine.

Halafu ikaja miaka ya barazani, ambayo naikumbuka kuliko miaka yangu yote ya kufundisha. Mimi nilipata kazi ya ualimu pale Bukoba mjini, wewe ukaweka meza yako kwenye baraza la Bi Zuhura mshonaji, ukitengeneza redio na kuwarekodia watu kanda. Kanda zilikuja na meli kutoka Mwanza, nyingine zilipita mpakani Mutukula ndani ya mabunda ya mashati, bila majalada, zimeandikwa kwa kalamu tu. Katika hizo ndimo ulimoikuta hip hop. Nilipoisikia mara ya kwanza nilikwambia kwa ukali wa mwalimu kwamba huo si muziki, ni watu wanaogombana juu ya ngoma. Hukubishana. Uliirudisha kanda nyuma ukaniambia, "Waache wanaogombana. Sikiliza kilicho chini yao."

Nikasikiliza. Chini yao kulikuwa na ngoma, na ngoma ile, ukanionyesha, haikupigwa na mtu yeyote siku ile. Mpigaji wake aliipiga zamani, katika wimbo mwingine kabisa, mahali ambapo waimbaji walinyamaza kidogo kupumua naye akabaki peke yake. Vijana wamekikata kile kipumuo wakakizungusha mpaka kikawa nyumba nzima ya kukaa. Wenyewe wanaita sampo. Nilikuwa nimesoma vitabu vingi, Projesti, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kitu kilichopita kinaweza kurudishwa namna hiyo, kikiwa kimeshika kitu kipya mkono. Nilinogewa. Nilinogewa vibaya kuliko wewe. Nikawa nasahihisha madaftari ya wanafunzi hapo barazani ili nisikose kanda mpya, na wewe ukaniita Mwalimu wa Fujo.

Bi Zuhura hakuelewa hata siku moja. Tulikuwa tukizungusha kipande kimoja saa nzima, naye anakanyaga cherehani, mpaka uvumilivu unamwisha. "Enyi watoto wa Kihaya, kanda imekwama! Mafundi gani nyie, mnaisikia imekwama na mnatikisa vichwa?" Ukamjibu, "Haijakwama shangazi, imependa hapo." Naye akasema, "Basi na mimi nikipenda pindo moja, mteja atavaa nini?" Siku nyingine ulimrekodi cherehani yake bila kumwambia, ukaiweka juu ya ngoma ya Wamarekani, ta-ka-ta ta-ka-ta, ikakaa kama iliyozaliwa hapo. Uliposhindwa kujizuia ukamwonyesha, alisimamisha mguu akasikiliza akiwa ameuma sindano. "Hiyo ni cherehani yangu," alisema. "Na inahitaji mafuta." Kesho yake ikatiwa mafuta, ukakasirika wiki nzima kwa sababu mlio ulikuwa umepotea.

Vijana wa siku hizi wanaunganisha nyimbo mbili kwa simu, Projesti, wakiwa wamelala kitandani. Ninawatazama na sina neno baya, wengine wana masikio makali sana. Lakini wewe ulifanya kwa redio yenye sehemu mbili za kanda na kidole gumba. Ucheze kipande, usitishe, urudishe nyuma, upime kwa mguu, uachie. Ukikosea kidogo, unaanza upya. Nilikuona ukifanya mzunguko mmoja mara arobaini ili mshono usisikike. Tata alikuwa hivyohivyo akifunga nyuzi za enanga. Sikuwahi kukwambia hilo, na ningekwambia lingekusaidia siku mlipogombana.

Kwa sababu mlikuja kugombana. Ulikata sekunde nne za Tata. Natemba, natemba, nyuzi zinapanda, basi. Ukazizungusha, ukaweka ngoma ya Marekani chini yake na cherehani ya Bi Zuhura juu, na mwanawaitu, nimesikia muziki mwingi tangu wakati huo, bado sijasikia kitu kama kile. Mikono ilinisisimka. Nikakwambia tumpelekee. Mimi ndiye niliyesema twende Buganguzi Jumapili.

Tata alisikiliza ameinamisha kichwa. Mwanzoni alitabasamu, alijisikia. Kisha akawa anangoja. Nilimwona akingoja, mkono umeinuka kidogo kama mtu anayemsubiri mwenzake amalize sentensi. Natemba, natemba. Natemba, natemba. Mkono ukashuka. Kanda ilipokwisha akasema, "Umemwacha mlimani."

Ulicheka, ukafikiri ni mzaha wake. Ukamweleza kuhusu sampo. Akarudia, "Anapanda, anapanda, na hafiki. Amefanya kosa gani, mpaka umfanyie hivyo?" Ndipo ulipomjibu maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo: "Tata, katika wimbo wako akifika anauawa. Kwangu hafiki, kwa hiyo hafi."

"Mtu aliyetumwa lazima afike," Tata alisema. Akaingia ndani. Jumapili ile tulirudi mjini bila kuagwa na mtu, na ulikaa mwaka mzima bila kukanyaga kwenu.

Nami wakati ule nilikuwa upande wako kabisa. Nilimwona Tata kuwa mzee wa zamani.

Miaka ile watu walikuwa wakipungua. Kule kwetu ugonjwa ule mwanzoni uliitwa Juliana, jina la yale mashati ya magendo, kwa sababu wa kwanza kukonda walikuwa wafanyabiashara walioyavaa. Baadaye hakukuwa na jina. Tulisema fulani ana malaria, fulani amerogwa mpakani, fulani tumbo. Shuleni tulitoka mazishini tukaingia darasani na udongo kwenye viatu. Ulipoanza kukohoa nilikununulia dawa ya kikohozi. Sikukuuliza. Wewe hukuniambia. Tulizungusha kanda tukazungumza habari za tarumbeta, watu wazima wawili, kila mmoja akijua kwamba mwenzake anajua. Hilo nalo linaniuma, ingawa nadhani tungeanza kulizungumza tusingejua tulimalizeje.

Tata alikuja mwenyewe kukuchukua. Alipanda gari la abiria mpaka Bukoba na mkungu wa ndizi wa kumshukuru Bi Zuhura, akasimama mbele ya meza yako akakwambia, "Twende nyumbani." Hakutaja kanda. Ulikusanya vyombo vyako. Bi Zuhura alikukunjia shati akaliweka kwenye mfuko, halafu akalifungua akalikunja upya, akalifungua tena.

Mara ya mwisho nilikuja kukuona msimu wa senene, wale panzi wetu wa kula. Watoto walikuwa nje na makopo, wanapiga kelele, na wewe uliomba uletewe senene ingawa hukuweza kumeza hata mmoja. Uliwashika tu mkononi. Ulitoa kanda chini ya mto. Haikuandikwa kitu. Ukaniambia, kwa sauti ambayo ilinibidi nisogeze sikio, "Nikishazikwa, siku watu wanatawanyika matanga, umwekee Tata. Mpaka mwisho. Nikiwa hai atanibishia tu." Ukacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Ukarudia, "Mpaka mwisho, Mwalimu." Nilikuahidi. Nilikushika mkono uliokuwa na senene nikakuahidi.

Ulikufa baada ya siku tisa. Tulikuzika upande wa chini wa kibanja, karibu na mibuni, mahali ambapo siku zile za vita nililala na mama yangu.

Asubuhi ya kutawanyika nilikwenda nyuma ya migomba na redio yako, nikaiweka kanda nisikie kwanza mimi. Hukuniambia nifanye hivyo. Nilijiambia nataka kuhakikisha betri. Ikaanza: ngoma, cherehani, natemba, natemba. Ileile. Kitu kilekile alichokikataa. Nikasikiliza dakika mbili, labda tatu, mtu anapanda na hafiki, na kule mbele ya nyumba namwona Tata ameketi kwenye majani yaliyotandikwa, amenyolewa kichwa, wazee wenzake wamemzunguka. Niliona aibu kwa niaba yako. Nilifikiri: mwanawe amekufa akiwa na ubishi uleule, na ameniachia mimi nikauweke mbele ya wafiwa pamoja na ngoma ya Wamarekani. Nikaizima. Nikaitia kanda mfukoni.

Watu walipoanza kuondoka Tata alinijia. Alikuwa ameliandaa ombi lake, lilionekana, kwa sababu alisimama wima. "Mwanangu," alisema, "Projesti aliniambia amekuachia kitu changu. Sauti."

Nikamwambia, "Kanda iliharibika, Tata. Nimejaribu asubuhi. Haitoi kitu."

Kanda ilikuwa mfukoni, kwenye shati, kifuani. Kama angenikumbatia angeigusa.

Hakuuliza jinsi ilivyoharibika. Aliitikia kwa kichwa mara nyingi, taratibu. Akasema, "Basi. Kwa hiyo amebaki mlimani." Akageuka akaenda kumhamisha mbuzi aliyekuwa ameingia kwenye maharage.

Nilifikiri ninalinda heshima yake. Nimelieleza jambo hili kwa namna hiyo miaka yote, mimi mtu wa kusoma: kwamba nilimwepusha mzee na maumivu siku ya matanga ya mwanawe. Ukweli ni kwamba niliwaogopa wale wazee na fimbo zao, nikaogopa wataniona mtu gani. Mtu aliyenilisha kabla ya kuniuliza aliniomba kitu kimoja tu katika maisha yake.

Niliomba uhamisho mwaka uleule. Kila mtu aliyehama wakati ule alisema anakimbia mazishi, na mimi nikasema hivyo. Tabora kwanza, kisha hapa. Barua ya kuniarifu kwamba Tata amefariki ilinikuta Tabora, imechelewa miezi miwili. Mdogo wako aliandika kwamba siku za mwisho mzee aliomba ateremshiwe enanga, akaishika tu, vidole havikuweza. Sikujibu barua ile. Tangu nihame sijarudi Kagera hata mara moja, na watu hapa wakiniuliza mimi ni wa wapi nasema "huko ziwani", kana kwamba nimesahau jina.

Lakini muziki sikuuacha. Ninazo santuri na kanda ukutani mwa chumba kizima, na majirani wananiita Babu Hip Hop, na sikatai. Nimezitafuta asili za sampo zetu moja baada ya nyingine, nyingi nimezipata, nimeandika kwenye daftari kila moja imetoka wimbo gani, sehemu gani. Nadhani nilikuwa nakulipa kwa kitu ambacho hukudai. Kanda yako pekee ndiyo nilikuwa siwezi. Miaka zaidi ya thelathini niliitia kwenye redio labda mara sita, na kila mara, ilipofika natemba ya tatu au ya nne, mkono wangu ulizima wenyewe.

Wiki iliyopita mkanda wa redio ulikatika. Kuna fundi hapa mtaani, mama mmoja anaitwa Neema, mkali, hapendi mteja amsimamie. Alitengeneza, akasema anataka kuijaribu, na kanda iliyokuwamo ndani ilikuwa yako. Niliisahau humo. Ikaanza kucheza naye akiwa ameshika bisibisi, redio iko upande wake wa meza. Nikamwambia, "Inatosha mama, inafanya kazi." Akasema, "Mzee tulia, nasikiliza kama mwendo hauyumbi. Hii inahitaji dakika." Nikakaa. Nilikaa kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Natemba, natemba, ngoma, cherehani, dakika ya tatu, ya nne. Nikanyoosha mkono. "Subiri," Neema akasema, "mbona inabadilika?"

Cherehani ilikuwa imetoka. Halafu ngoma ikatoka. Akabaki Tata peke yake na nyuzi zake, natemba, natemba, na mara hii, Projesti, hakurudi nyuma. Aliendelea. Ukaachia kanda ya zamani iende, ileile ya kibuyu cha lubisi, wimbo wote uliobaki, hukuukata hata neno. Mchukua ngoma akapita kwenye mawe, akapita kwenye ukungu, akafika juu. Na mahali anapoipiga ngoma, pale ambapo Tata siku zote aligonga ubao kwa kiganja, ndipo uliporudisha ile ngoma ya Marekani, mara moja, pigo moja tu, kubwa, lililokaa juu ya kiganja cha Tata bila hata upenyo wa unywele. Nchi nzima ilisikia. Neema aliruka na bisibisi mkononi. Kisha Tata akamalizia beti za mwisho, akanyamaza. Ukaja mkwaruzo, kikohozi chako, na sauti yako iliyokwisha, kwa Kihaya: "Amefika, Tata." Halafu kitufe.

Ulikuwa umemkubalia. Ulikaa na mikono ile isiyo na nguvu ukaifanya kazi ile upya, ukarudisha nyuma, ukapima, ukaachia, mara ngapi sijui, ili umwambie baba yako kwamba amekushinda. Nami nilisikiliza dakika tatu nikaamua kwamba nimeelewa. Mwalimu wa Fujo. Uliniambia mpaka mwisho, ukaniambia mara mbili.

Neema aliniuliza, "Huyo aliyekohoa ni nani?" Nikanyoosha mkono kuichukua kanda. Akaitoa, akaipangusa kwa kanga yake, akanipa kwa mikono miwili.

Unajua kinachoniuma kuliko uongo wenyewe? Tata aliishi miezi kumi na nne baada yako. Kila siku katika hizo ningeweza kupanda gari.

Mambo yamebadilika kwenu, mdogo wako ananieleza kwa simu. Nilimpigia Jumanne, baada ya miaka yote hii. Bi Zuhura alifariki, wajukuu wake wanauza simu pale barazani. Ugonjwa ule sasa una dawa, watu wanameza kidonge wanaenda shamba, wanalea wajukuu. Nilipozisikia habari hizo mara ya kwanza nilizima redio nikakaa nje mpaka jua lilipozama. Enanga bado iko ukutani, nyuzi mbili zimekatika. Tata amelala kando yako, upande wa mibuni. Nilimwambia mdogo wako kila kitu, kuhusu matanga, kuhusu mfuko wa shati. Nikangoja anitukane. Kisha akasema, "Kaka, njoo nayo. Mimi pia niliambiwa imeharibika."

Kwa hiyo nakuja, Projesti. Neema amenifungia redio kwenye boksi na betri za akiba, na amenitolea nakala mbili ili nisije nikasema tena kwamba imeharibika. Nitasimama kati yenu wawili, alasiri, saa ileile aliyotupigia sisi wakimbizi, na mdogo wako amesema atawaita watakaoweza kuja, wengi wao watakuwa hawamjui hata mmoja wenu. Nitaiweka kuanzia mwanzo, na ngoma ya Wamarekani, na cherehani isiyotiwa mafuta. Wazee wakiguna, waache wagune, siku hizi mzee ni mimi. Sitaigusa mpaka kitufe chako cha mwisho. Lakini kabla sijabonyeza nitamgeukia Tata kwanza, nimwambie kile nilichopaswa kumwambia siku ile: ipo, Tata, nilikuwa nayo mfukoni.

Lala, mwanawaitu. Tarumbeta ni moja.

Ndugu yako uliyemwachia kanda,
Gozbert